Mpishi wa Chipsi wa Mikumi na Damu Iliyokataliwa Mara Mbili

Saa nne asubuhi, kando ya barabara kuu pale Mikumi, Lupakisyo Mwaisumo anafanya kitendo ambacho bosi wake hakipendi hata kidogo. Anashika masikio ya karai kwa matambara mawili, analiinamisha taratibu, na mafuta ya jana yanateremka kwenye dumu mpaka tone la mwisho. Kisha analisugua karai kwa majivu, analisuuza, analirudisha motoni likauke, ndipo anamimina mafuta mapya.

"Hayo bado yalikuwa na nguvu," anasema Theodory, mwenye baa, akiwa mlangoni na mswaki mdomoni. "Yangefika Jumapili."

"Yangefika, bosi," anajibu Lupakisyo bila kugeuka. "Ila mimi ndiye ninayeyaonja kutwa nzima."

Theodory anatikisa kichwa na kurudi ndani. Wameshabishana juu ya jambo hili kiasi kwamba hakuna anayepandisha sauti tena.

Malori mawili yaliyotoka Tunduma yameegeshwa upande wa pili, na madereva wake wananyoosha viungo huku wakichungulia jikoni. Lupakisyo anamenya viazi kwa kasi ya mtu asiyetazama kisu. Ana umri wa miaka thelathini na nane, mikono yake imejaa madoa ya mafuta yaliyomrukia, na hana kitambi. Hilo la kitambi analisisitiza mwenyewe.

"Ningekuwa na tumbo ningejishuku mapema," anasema. "Mimi nilikuwa najiona mkavu, kumbe mafuta yalikuwa yamehamia ndani."

Babu yake alikuja Kilosa akitokea Tukuyu kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, akaoa, akasahau kurudi. Lupakisyo amezaliwa na kukulia Magomeni, palepale Kilosa mjini, na ndipo alipomwacha mkewe Verdiana na binti yao wa pekee, Naomi. Yeye hufanya kazi Mikumi wiki nzima kwa ujira wa shilingi elfu kumi na mbili kwa siku pamoja na chakula, na kurudi nyumbani kila Jumatatu, siku ambayo baa huwa imelala.

Chakula hicho cha bure ndicho kilichomponza. Mpishi wa chipsi hakai mezani. Hudokoa. Anaonja chipsi moja ya kila kikaango kuona kama imeiva, anamalizia kipande cha kitimoto, nyama ya nguruwe, kilichobaki kwenye sinia, anakwangua mayai yaliyoshika pembeni. Ikifika jioni ameshakula sahani tatu bila kukumbuka hata moja.

Na yote hayo yalitoka kwenye mafuta mama. Hivyo ndivyo wapishi wa pale wanavyoyaita mafuta ya zamani yanayokaa chini ya karai bila kumwagwa. Kila asubuhi huongezewa mapya kidogo juu yake, na kazi inaendelea. Lupakisyo alipopokea jiko hilo miaka kumi na moja iliyopita, aliyemtangulia alimkabidhi karai likiwa na mafuta yake ndani, akamwonya asije akayamwaga kwa ujinga wa kutaka usafi.

"Mafuta mapya matupu yanatoa chipsi nyeupe, zimepauka kama mtu aliyeruhusiwa hospitali leo," anaeleza. "Dereva wa lori haziangalii mara mbili. Anataka zile za kahawia, zenye harufu. Harufu hiyo inatoka kwa mama."

Yakizidi weusi na kuanza kutoa povu na moshi unaowasha macho, Lupakisyo alikuwa akipunguza dumu moja na kumpa Joyce, jirani yake anayekaanga samaki nyuma ya soko. Joyce naye aliyamimina juu ya mafuta mama yake. Kwa maneno mengine, katika kipande kile cha barabara hakuna mafuta yaliyowahi kufa. Yalihama tu kutoka jiko moja kwenda jingine, yakizidi kuchoka.

Jambo la pili lilikuwa bia ya jikoni. Pale Theodory, mteja akikunwa na chakula hampi mpishi bakshishi ya fedha. Humtumia bia. Na kwa kuwa wapishi wa zamani walizoea kuzirudisha kaunta na kuchukua pesa, wateja walijiwekea utaratibu wa kuifungua chupa wenyewe, mbele ya jiko, macho kwa macho. Bia iliyofunguliwa hairudi. Mpishi anaipokea, anapiga funda la kwanza mteja akiona, na mteja anaondoka ameridhika.

Siku yenye wateja wengi Lupakisyo alizipokea nyingi. Hakulewa, au tuseme hakuna aliyewahi kumwona amelewa, kwa sababu moto na jasho vilificha mengi. Isitoshe, aliamini bia inamsaidia. Pale Mikumi, kama ilivyo katika baa nyingi za kitimoto, watu husema bia baridi inakata mafuta.

"Unakula nyama imechuruzika, unashushia na baridi moja, unasikia kabisa kifua kimefunguka," anasema. "Nilijua inayaosha."

Naomi ana miaka tisa na ni mgonjwa wa selimundu, yaani sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi. Ni mtoto mwembamba, mcheshi, mwenye macho yanayoingia umanjano kila anapozidiwa. Zipo nyakati ambapo viungo vinamuuma mpaka anashindwa kuvaa viatu, na zipo nyakati ambapo damu inashuka na hospitali inalazimika kumwongezea. Ndugu huombwa kuchangia. Verdiana hawezi, maana damu yake mwenyewe haitoshi. Kwa hiyo kazi hiyo ilikuwa ya baba.

Lupakisyo aliipenda kazi hiyo kuliko anavyoweza kueleza. Mwanaume anayemwona mwanawe siku moja kwa wiki ana deni moyoni, na yeye alilipunguza pale kitandani, sindano ikiwa mkononi. Alikuwa akimwambia Naomi kwamba wameshachanganya damu kiasi kwamba yeye akikaanga chipsi Mikumi, binti anashiba Kilosa. Naomi alicheka na kuwasimulia wenzake shuleni.

Mwaka jana, mwanzoni mwa mvua, Verdiana alipiga simu. Naomi amelazwa na damu imeshuka mno. Lupakisyo alimwachia mwenzake jiko, akapanda gari la kwanza lililopita njia ya kijiji cha Ulaya, akafika hospitali akiwa bado ananuka kitimoto. Usiku uliotangulia kulikuwa na harusi pale baa, na bia za jikoni zilimiminika.

Hildegarda, mtaalamu wa maabara, alimchukua damu kidogo ya kupima kabla ya kumlaza. Akaiweka kwenye mashine ya kuizungusha, na ilipotoka akakiinua kile kichupa dirishani, akakitazama kwa muda, kisha akamwita.

"Baba Naomi, njoo uone."

Chini ya kichupa palikuwa na wekundu wake wa kawaida. Juu yake, mahali ambapo hukaa maji mepesi ya rangi ya manjano ambayo unaona upande wa pili, palikuwa na kitu cheupe, kizito, kama tui la kwanza la nazi.

"Hiyo nini?" aliuliza.

"Mafuta."

"Ya wapi?"

"Ya kwako. Yako kwenye damu yako. Hii siwezi kuichukua, baba. Hata nikiichukua itatupwa."

Lupakisyo anasema alidhani wamechanganya vichupa. Aliomba ipimwe tena kutoka mkono wa pili, na Hildegarda, ambaye si mtu wa kubishana na wazazi wa wagonjwa, alikubali. Mkono wa pili ulitoa tui lilelile.

Nje ya maabara alikuwepo Fortunatus, fundi cherehani wa Magomeni na jirani yao wa ukuta kwa ukuta, aliyekuwa amemsindikiza Verdiana. Fortunatus aliuliza kuna nini, akaambiwa, akakunja mkono wa shati. Hakuhitaji kuombwa. Yake ilikuwa safi.

"Nilimshukuru, na nilimwonea wivu," anasema Lupakisyo bila kuficha. "Nilimwona analala pale kwenye kitanda changu. Jirani anamtolea damu mtoto wangu, na mimi nimekaa kwenye benchi mzima wa afya, nimevaa viatu vizuri. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona."

Daktari aliyempokea siku ile alimtaka afunge kula usiku kucha, na kesho yake akampima mafuta ya damu. Majibu yalikuwa juu mno ya kinachotakiwa. Alimwambia kwamba mafuta ya aina ile yakizidi hivyo yanaweza kuumiza kongosho, na kwamba huku yakiendelea kuzunguka yanachakaza mishipa ya moyo. Akamwambia aache vyakula vya kukaanga, hasa vya mafuta yanayochemshwa na kurudiwa, aache pombe, atembee, kisha arudi baada ya miezi mitatu.

Lupakisyo alirudi Mikumi akiwa na hasira na mafuta. Siku ileile aliyamwaga mafuta mama, yote, mbele ya Theodory aliyeshika kichwa. Akaanza kupika ugali wake na maharage kwenye sufuria ndogo pembeni ya jiko. Makande, mchicha wa kuchemsha, samaki wa kuchoma. Kuonja chipsi aliacha kabisa, akawa anaziminya kwa vidole kujua zimeiva.

Joyce alipokuja na dumu lake, aliambiwa hakuna. Mafuta yaliyotumika sasa yanakwenda kwa mama mmoja anayetengeneza sabuni.

"Yaani mimi umeniona sistahili hata makombo?" Joyce alimuuliza, na watu walisikia.

"Hayo si makombo, dada. Hayo ni ugonjwa."

"Ugonjwa umekula wewe miaka yote na bado unasimama." Hajamsalimia vizuri mpaka leo.

Lakini bia hakuiacha. Hapa ndipo wasomaji wengine watamcheka, na yeye mwenyewe anajicheka. Neno la daktari kuhusu pombe alilisikia vizuri, ila alilipima kwa akili yake ya jikoni. Tatizo ni mafuta. Bia haina mafuta. Zaidi ya hapo, bia inayakata. Basi akaendelea kupokea za jikoni kama kawaida, na siku nyingine aliongeza moja ya kwake, akihesabu kwamba anaharakisha kazi.

Baada ya miezi mitatu alirudi Kilosa amevaa shati jipya. Alikuwa amepungua mwili na mkanda umeingia tundu mbili. Alimsalimia kila mtu korido nzima.

Hildegarda alizungusha kichupa, akakiinua dirishani. Tui lilikuwa limepungua uzito. Lakini bado lilikuwa tui.

"Umeacha mafuta?" alimuuliza.

"Nimeacha. Muulize mtu yeyote Mikumi."

"Na pombe?"

"Pombe siyo mafuta, daktari. Mimi nakunywa bia tu, ile ya kuyaosha."

Hildegarda aliketi. Anakumbuka kwamba hakucheka, ingawa alitaka. "Nilimweleza kwamba ni kweli bia haina mafuta kwenye chupa," anasema. "Ila inapofika kwenye ini, ini linaacha kazi zake, linaishughulikia ile pombe, na katika kuishughulikia linatengeneza mafuta na kuyamwaga kwenye damu. Nikamwambia, baba, karai la Mikumi umelisafisha. Hili la tumboni bado unaliongezea kila siku."

Siku hiyo Naomi hakuwa amelazwa, na hakuna aliyekuwa anaisubiri damu. Hata hivyo Lupakisyo anasema kukataliwa kwa pili kulimuuma kuliko kwa kwanza. Mara ya kwanza hakujua. Mara ya pili alikuwa amejinyima, amegombana na Joyce, ameharibu chipsi za watu, na bado damu yake haifai. Njia nzima ya kurudi Mikumi aliwaza itakuwaje Naomi akizidiwa tena na Fortunatus akiwa safarini.

Kuacha kukaanga kwa mafuta ya zamani kulikuwa kati yake na karai. Kuacha bia kulikuwa kati yake na watu, na watu ni wagumu kuliko karai.

Mteja wa kwanza kukataliwa alikuwa Damiano, dereva wa lori anayepita Mikumi mara kwa mara na ambaye kwa miaka mingi hakuvuka pale bila kusimama. Alikuja na chupa mkononi, akaifungua kwa meno kama desturi yake, akaiweka kwenye ukingo wa jiko.

"Hiyo ya kwako, fundi."

"Asante kaka. Situmii tena."

"Tangu lini?"

"Tangu jana."

"Basi anza kesho. Hii nimeshaifungua."

Lupakisyo alisimama na mwiko mkononi. Anakiri kwamba alikuwa karibu kuichukua. Ni funda moja tu lililotakiwa, na Damiano angeondoka ametabasamu. Badala yake alimweleza yote, juu ya Naomi, juu ya kichupa, juu ya tui. Madereva wengine walisogea kusikiliza.

Damiano aliichukua chupa yake. "Sema tu bia yangu imekuwa ndogo kwako," alisema, akaenda kula kibanda cha tatu. Bado anakula huko. Akipita anapiga honi, lakini hasimami.

Walimfuata wengine. Kulikuwa na wiki ambazo viazi vilibaki kwenye ndoo, na Theodory, ambaye kwa tabia si mkali, alimketisha kaunta na kumweleza kwamba baa haiwezi kuwa zahanati. Chipsi zimepauka, mpishi hanywi na wateja, na mafuta yanamwagwa kama maji. Alimpa mwezi mmoja. Mambo yasipobadilika, jiko litapata mtu mwingine.

"Sikumlaumu," anasema Lupakisyo. "Ana biashara. Nilimwambia nipe huo mwezi."

Rangi ya chipsi aliitafutia dawa mwenyewe. Akaanza kuzikaanga mara mbili, kwanza kwa moto wa chini mpaka zilainike, anazipumzisha kwenye chujio, kisha anazirudisha haraka kwenye moto mkali. Zinatoka za dhahabu, zinalia mdomoni, bila mafuta ya wiki iliyopita. Madereva wa zamani hawakurudi wote. Lakini mabasi madogo yanayobeba watu wanaokwenda mbuga ya wanyama yalianza kusimama, na watu hao huuliza kwanza mafuta ni ya lini. Mwezi uliisha, Theodory hakusema kitu, na Lupakisyo hakuuliza.

Bia za jikoni zilichukua muda zaidi. Siku za mwanzo mikono ilimtetemeka kidogo asubuhi na usingizi ulimkimbia, jambo lililomshtua, kwa sababu hakuwahi kujiita mnywaji. Alirudi kwa daktari, akasaidiwa. Sasa akiletewa chupa iliyofunguliwa anashukuru, anaisogeza pembeni, na inakaa hapo ikipoteza povu mbele ya macho ya aliyeileta. Wengi hawarudii.

Mwezi wa nne mwaka huu, Jumatatu, alikwenda tena maabara. Naomi alitaka kumsindikiza, kwa kuwa shule ilikuwa imefungwa. Alivaa gauni lililoshonwa na Fortunatus.

"Shikamoo," Naomi alimsalimia Hildegarda.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kumsimamia baba?"

"Nimekuja kuona damu yangu."

Kichupa kilizungushwa. Hildegarda alikiinua dirishani, akamkabidhi Lupakisyo mwenyewe akishike. Juu ya ule wekundu palikuwa na maji mepesi ya manjano. Upande wa pili wa kichupa aliuona mti ulioko nje na nguo zilizoanikwa na ndugu wa wagonjwa. Verdiana, aliyekuwa mlangoni, alianza kulia kabla yake.

Lupakisyo alipolala kitandani na sindano kuingia, aliomba jambo moja. Mfuko huo uandikwe jina la Naomi, uwekwe, ili binti akizidiwa asipewe ya mtu mwingine.

Hildegarda alisita. Alimtuma Naomi akamletee mama yake maji, kisha akavuta kiti.

"Baba Naomi, hatujawahi kumpa Naomi damu yako."

"Hamjawahi?"

"Hata siku moja. Wewe na mama yake mmebeba selimundu nusu nusu, ndiyo maana mtoto ameipata nzima. Mgonjwa kama yeye tunamtafutia damu ya mtu asiyeibeba. Ya kwako inakwenda benki ya damu kufidia aliyopewa yeye, anapewa mwingine. Mama aliyejifungua, mtu wa ajali, yeyote. Nilidhani uliambiwa."

Lupakisyo alitazama dari. Hildegarda anasema alidhani ataomba sindano itolewe, na asingemlaumu. Mwanaume huyu alikuwa ameacha bia, amegombana na nusu ya barabara, amekaribia kupoteza kazi, akiamini kuna kitu chake kinachozunguka ndani ya mwili wa mwanawe. Mfuko uliendelea kujaa. Ulipokaribia kufika juu, akauliza kama huyo atakayepewa ataijua ni ya nani. Akaambiwa hapana.

Leo, jikoni Mikumi, anatoa chipsi kwenye chujio na kuzinyunyizia chumvi. Mpango wake ni kurudi Kilosa kila itakaporuhusiwa kutoa tena, na kuwashawishi wapishi wenzake wa barabarani wakapimwe. Wawili wamekubali. Mmoja kichupa chake kilitoka na tui, na sasa anamimina mafuta yake kwa mama wa sabuni.

Naomi ameshaambiwa ukweli. Aliuliza kama damu aliyo nayo basi si ya baba yake hata kidogo.

"Nilimjibu kwamba ya kwangu alipewa siku anazaliwa, na hiyo ndiyo inayomuuma viungo," anasema Lupakisyo, akifuta mikono kwenye aproni. "Inayomwinua kitandani ni ya watu ambao hatutawajua kamwe. Na wao wana watoto wao, ambao siku moja watahitaji damu. Sasa mimi nikiwapelekea tui, nitakuwa nimemfanyia nini mwanangu?"